UZI: Asali ya wanaume, na kwa nini "mbona mimi ilinifanyia kazi" ndilo jibu la kuogopesha

Nimeona mjadala umerudi tena. Kila baada ya miezi michache mtu anasimama kusema bidhaa za "nguvu za kiume" zidhibitiwe, halafu mwingine anamjibu kwamba serikali imekosa kazi, sasa inataka kuingia chumba cha kulala cha mwananchi na kupiga vita dawa za mababu zetu. Watu wanapiga makofi, mtandao unawaka, wiki inayofuata tumehamia bei ya unga.

Sheria ya uzi huu mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukitaja kwenye majibu, nafuta. Tuangalie jambo lenyewe, na tuanze nyuma kidogo, manake hii vita ina zaidi ya miaka mia na bado tunaipigana kama ilianza jana.

Lakini kwanza niseme kwa nini mimi binafsi inaniuma.

Baba mdogo wangu yuko Kakamega. Ana presha, na moyo wake ulishaanza kumsumbua, kwa hivyo daktari alimpa vile vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana. Usiku mmoja alilamba pakiti ya asali aliyouziwa na kijana wa stendi. Kabla ya alfajiri kifua kikabana, akafanya alivyofundishwa, akaweka kidonge chini ya ulimi. Dakika chache baadaye alianguka mlangoni akielekea nje.

Hospitalini daktari akamuuliza, "Mzee, kuna dawa nyingine yoyote umetumia?" Akasema hakuna. Mama mdogo alikuwa amesimama pale, binti zake wawili wamesimama pale. Angesema nini? Nikasubiri wote watoke ndio nikamwinamia. "Baba mdogo, mimi si mtoto tena. Ulikunywa nini?" Akageuza uso ukutani. "Asali tu, kijana wangu. Iko kwa koti."

Pakiti iliandikwa asali, tangawizi, jinsengi, na chini kwa herufi kubwa: HAKUNA KEMIKALI. Nilipompelekea daktari hata hakuisoma sana. Alisema tu, "Hizi tunaziona," akamwambia sista mzee asipewe tena kile kidonge mpaka muda upite, wakaendelea na maji ya mishipa. Alipona. Ile pakiti haikupimwa na mtu yeyote, ilitupwa. Hapo ndipo hoja yangu ilipo, tutarudi.

Sasa historia.

Mwaka wa 1889, mjini Paris, mwanasayansi mkubwa aliyeitwa Charles-Édouard Brown-Séquard alisimama mbele ya wenzake akiwa na miaka 72, akawaambia amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za panya wa Guinea. Alisema amepata nguvu upya, anafanya kazi saa nyingi, anabeba vizito. Alikuwa hata amepima mkojo wake unafika wapi, kabla na baada. Sicheki. Mtu huyu aliheshimika, aliamini alichosema, na hakuwa anauza. Lakini kabla mwaka haujaisha kuna waliokuwa wanauza kwa niaba yake, Ulaya na Marekani, kwa chupa na kwa sindano.

Haikuwa na kitu. Korodani hutengeneza homoni lakini haiweki akiba ya maana, na homoni yenyewe haiyeyuki vizuri kwenye maji. Watafiti wa Australia walirudia mchanganyiko wake zaidi ya karne moja baadaye, wakakuta testosteroni kidogo mno, isiyoweza kumfanyia mzee lolote. Alichohisi kilitoka kwenye matumaini yake.

Mwaka huohuo, 1889, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya matangazo machafu. Ndani yake kuna kifungu kinachosema tangazo la kaswende, kisonono, "udhaifu wa neva" au ugonjwa mwingine unaohusu ngono ni chafu, usilibandike ukutani, wala mtini, wala chooni cha umma. Yaani mitaa ya London ilikuwa imejaa karatasi za nguvu za kiume mpaka wabunge wakachoka. Ukipita chini ya nguzo yoyote ya stima hapa mjini, utaona sisi hatukuvumbua kitu. Ila angalia walichokataza: aibu ya kuliona tangazo. Kilichokuwa ndani ya chupa hawakukigusa. Hiyo tabia ya kutunga sheria ya adabu badala ya sheria ya usalama bado tunayo.

Baada ya hapo kuna Serge Voronoff, naye Paris, aliyeanza mwaka wa 1920 kupachika vipande vya korodani za nyani na sokwe kwa wazee wenye pesa. Napita haraka, kwa sababu hadithi ninayotaka mkae nayo iko Kansas.

Kulikuwa na daktari huko, kijiji cha Milford. Simtaji jina kwa sababu baadaye aligombea ugavana, na sheria ya uzi ni sheria hata kwa marehemu. Cheti chake kilitoka chuo cha aina ile inayouza vyeti. Kuanzia miaka ya 1917 na 1918 alikuwa anapasua wanaume na kuwapachika vipande vya korodani za beberu, akiwaahidi kwamba nguvu zitarudi. Bei ilikuwa dola 750. Wakati ule hizo zilikuwa pesa za kununua gari jipya na chenji ikabaki.

Mwaka wa 1923 akafungua kituo cha redio. Hapo ndipo alipowashinda wote waliomtangulia. Muziki wa kijijini, mahubiri, halafu sauti yake tulivu ikiongea na mwanamume aliye peke yake jikoni usiku. Aliwaambia wanaume wasikae kimya na aibu yao, na hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana walimsikiliza. Kisha akaanzisha kipindi cha maswali: unaandika barua, anaisoma hewani, anakutajia dawa kwa namba. Nenda duka la dawa lililo kwenye mtandao wake, sema unataka namba fulani. Duka linakuuzia kwa bei ya juu na kumtumia yeye kipande chake. Mgonjwa hajaguswa, hajapimwa presha, hajaulizwa anatumia dawa gani nyingine.

Kama umewahi kusikiliza redio ya usiku hapa kwetu, au umewahi kutumiwa "daktari" kwenye WhatsApp anayeuliza tu uko kaunti gani ili akutumie mzigo na boda, basi umeshakutana na mjukuu wa Milford.

Mwaka wa 1930 mambo yakamharibikia. Bodi ya madaktari ya Kansas ikamnyang'anya leseni ya udaktari, na tume ya redio ya Marekani ikakataa kumpa leseni ya kituo upya. Jamaa akafanya nini? Akatangaza anagombea ugavana. Karatasi za kura zilikuwa zimeshachapishwa, kwa hivyo watu walilazimika kuandika jina lake kwa mkono, na bado alikaribia kushinda. Maelfu ya kura zilikataliwa kwa sababu jina halikuandikwa sawasawa. Ujumbe wake kwa wapiga kura ulikuwa mwepisi: wakubwa wa mjini wananionea kwa sababu nawasaidia nyinyi wadogo.

Nataka wafuasi wa siasa mkae na hiyo kidogo. Swali la kitabibu, je, korodani ya beberu inafanya kitu ndani ya mwili wa binadamu, lilikuwa na jibu, na jibu ni hapana. Mwili unakikataa kile kipande au kinaoza mle ndani. Lakini swali hilo liliacha kuulizwa. Likageuka kuwa uko upande wa nani. Ukiwa upande wa wadogo, unatetea beberu. Ukiuliza maswali, wewe ni wa mabwanyenye. Nimeona hii sinema hapa nyumbani mara nyingi, na huwa inaanza hivyohivyo: mwenye bidhaa akibanwa, anajifunika bendera.

Aliposhindwa alihamia Texas, mnara wa redio akauweka ng'ambo ya mpaka, Meksiko, ambako sheria ya Marekani haikumfikia. Mabeberu yakapumzika, akaanza kuuza sindano ghali. Alijimaliza mwenyewe: alimshtaki kwa kumharibia jina mhariri wa jarida la chama cha madaktari, Morris Fishbein, na mwaka wa 1939 akashindwa mahakamani. Zile sindano zikabainika ni maji yaliyotiwa rangi na asidi kidogo. Wagonjwa nao wakaanza kumshtaki. Mwaka wa 1941 alifilisika, mwaka uliofuata akafa.

Mpaka hapo, tuseme ukweli, unaweza kucheka. Kuna waliokufa kwa visu vichafu vya Milford, sio wachache, lakini dawa yenyewe ilikuwa hewa tupu. Ukinywa hewa tupu, unapoteza pesa. Na mtu akikuambia "mimi ilinifanyia kazi", ni ile ya mzee wa Paris.

Sasa njoo 1998, na hapa ndipo wengi huachwa nyuma kwenye huu mjadala.

Wanasayansi wa Pfizer, kwenye maabara ya Sandwich, kule Kent, Uingereza, walikuwa wanajaribu dawa ya maumivu ya kifua iitwayo sildenafili. Kwa kifua haikufanya maajabu. Lakini wanaume waliojitolea kwa majaribio walianza kuripoti jambo lingine. Tarehe 27 Machi 1998 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa jina ambalo kila mtu analijua, Viagra. Kwa mara ya kwanza katika hiyo historia yote ndefu, kulikuwa na kidonge kinachofanya kazi kweli.

Ungedhani hapo matapeli watafunga maduka. Kumbe ndipo walipopata malighafi. Unga wa sildenafili si ghali kuupata, na ukiukoroga kwenye asali, kahawa, au kapsuli ya "mizizi", basi una bidhaa ya asili inayofanya kazi usiku wa kwanza. Mteja anarudi. Mteja anatoa ushuhuda, na ushuhuda wake ni wa kweli. Tapeli wa zamani alikudanganya kuhusu matokeo. Huyu wa sasa anakudanganya kuhusu kilichomo. Matokeo unayapata. Ndiyo maana nasema ukiona kitu kinajiita mitishamba tupu na kinakuamsha ndani ya saa moja kama kidonge, hapo ndipo uogope, usipige makofi.

Sibuni. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, kati ya 2007 na 2016 ilibaini virutubisho 776 vilivyotiwa dawa za siri. Karibu nusu yake, 353, vilikuwa vya nguvu za kiume. Julai 2022 mamlaka hiyohiyo ilizionya kampuni nne zilizokuwa zinauza asali za wanaume: maabara ilikuta sildenafili au ndugu yake tadalafili, na pakiti haikusema lolote.

Mtasema hayo ni ya Marekani. Sawa, tuje karibu. Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Uganda ilipata malalamiko ya mwanamume aliyekunywa kinywaji cha nguvu kutoka Zambia. Alitokwa jasho bila kukoma na mwili ukasimama karibu saa sita. Saa sita si sifa, wenzangu, ikipita saa nne hiyo ni dharura ya hospitali, damu iliyokwama inaua nyama. Zambia wakakipima kinywaji, na Januari 2019 wakatangaza: ndani mlikuwa na sildenafili. Kilikuwa kinauzwa kama kinywaji tu, mtu ananunua na mandazi.

Ila kisa kinachoninyima usingizi ni cha Singapore, 2008. Ndani ya miezi mitano watu 150 wasio na kisukari walilazwa sukari ikiwa imeshuka vibaya. Saba walibaki bila fahamu, na wanne kati yao wakafa. Madaktari walipofuatilia walifika kwenye kapsuli za nguvu za kiume, za "asili" na feki. Ndani yake kulikuwa na glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari ya wagonjwa wa kisukari. Hakuna mfanyabiashara anayetaka kuua wateja wake. Lakini asiyetakiwa kuandika alichotia hana haja ya kujua alichotia.

Turudi kwa baba mdogo. Kile kidonge cha chini ya ulimi ni cha jamii ya nitrati. Kazi yake ni kulegeza mishipa ya damu. Sildenafili nayo, kwa njia nyingine, inalegeza mishipa ya damu. Kila moja peke yake mwili unaivumilia. Zikikutana, zinasukumana upande mmoja, presha inaporomoka, na moyo uliokuwa tayari unakosa damu unakosa zaidi. Ndiyo maana daktari akijua umekunywa sildenafili hatakupa nitrati mpaka saa 24 zipite, na kwa tadalafili saa 48. Akijua. Mzee aliyelamba "asali" hata akitaka kusema ukweli mbele ya familia nzima, atasema nini? Yeye mwenyewe anajua alilamba asali.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi kabisa. Mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo. Mafuta na sukari zikianza kuziba mabomba, yale membamba huonyesha kwanza, mara nyingi miaka kadhaa kabla ya moyo wenyewe kulalamika. Kwa hivyo mwanamume wa miaka 45 ambaye mambo yamelegea huenda anapigiwa king'ora na mwili wake: pima sukari, pima presha, angalia moyo. Muuzaji anakuuzia kitu cha kuzima king'ora. Na wakati mwingine kilicholeta tatizo ni dawa ya presha yenyewe, kuna aina zinazofanya hivyo. Daktari angebadilisha kidonge, shida ikapungua. Badala yake mzee anaacha kumeza dawa ya presha kimyakimya na kununua asali. Hapo ana hatari mbili, zote kwa siri.

Sasa ile hoja ya mila. Siipuuzi, kwa sababu ina mizizi halali. Serikali ya kikoloni ilituachia sheria ya uchawi ya 1925, ambayo bado iko vitabuni. Ilitungwa kuhusu uchawi, lakini kwa jinsi wakoloni na wamisionari walivyotutazama, mganga na mchawi waliwekwa kapu moja, na bibi aliyejua mizizi ya kutuliza tumbo alijifunza kuificha. Kwa hivyo mtu akisikia leo "serikali itadhibiti dawa za kienyeji", anamsikia DC wa zamani. Hilo naelewa kabisa.

Lakini angalia nani anatumia hayo maumivu, na kwa ajili ya nini. Unga wa maabara uliosagwa ng'ambo, ukakorogwa kwenye asali ya kiwandani, ukafungwa pakiti ya dhahabu yenye picha ya simba, ni mila ya nani? Hakuna babu yangu aliyejua tadalafili. Mwenye kuitia kwenye kapsuli na kuiita mizizi ndiye anayemharibia jina mganga wa kweli, manake siku mtu akianguka, atakayelaumiwa ni mitishamba.

Na sheria tunazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya habari anazohitaji na ulinzi wa afya yake. Sheria ya Afya ya 2017 ina sehemu nzima inayotambua tiba ya jadi, na inasema Bunge liunde chombo cha kuisimamia. Kwa hivyo ukisikia mtu jukwaani akisema ni ama tupige marufuku zote ama tuziache zote, muulize swali moja tu: hii pakiti imepimwa wapi, na matokeo yako wapi? Usimuulize kama inafanya kazi. Inafanya.

Najua swali litakalokuja kwenye majibu, kwa hivyo nalijibu kabisa. Mukombero je? Mimi ni mtu wa magharibi, nautafuna tangu utotoni. Ukinunua mzizi sokoni Kakamega, unaona ni mzizi, una udongo bado, unaukwaruza mwenyewe kwa kisu. Kinachouzwa Nairobi kwa jina hilo, kikiwa unga ndani ya kapsuli nyekundu, siwezi kukuambia ni jamaa yake.

Baba mdogo alibadilishiwa dawa ya presha. Kliniki anaenda na mama mdogo siku hizi, na ni mama mdogo anayejibu yale maswali aliyokuwa anayaonea haya. Kijana wa stendi bado yuko palepale, na pakiti sasa zina simba mkubwa zaidi.